Mashine ya Baba na Mashahidi Wake

Baba yangu hakuweza kuona kitu kimeharibika akakipita. Hata akienda msibani, akikuta mlango unalia kwenye bawaba, alitoa pole kwa wafiwa kisha akaomba mafuta kidogo. Mama alikuwa anaona aibu mpaka anaangalia pembeni. Mimi nilirithi ukali wa mama, na mikono ya baba sikuambulia hata robo, ndiyo maana niliishia kuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka nyumbani kwetu milimani Mbinga.

Kwa miaka mingi baba alikuwa fundi wa ushirika. Alizunguka vijijini na baiskeli akitengeneza mashine za mkono za kumenyea kahawa. Kila mashine ilikuwa na jina la mtengenezaji wa Ulaya, limechorwa kwenye chuma chenyewe, herufi zimeinuka. Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza baba alikuwa analisugua jina hilo kwa brashi ya waya mpaka ling'ae. Niliwahi kumuuliza kwa nini anampamba mtu asiyemjua. Alisema, "Aliitengeneza. Lazima aonekane."

Kisha biashara huria ikaingia. Wanunuzi binafsi wakaja na magari yao na mizani yao, ushirika ukapungua nguvu, na baba akawa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa kazi. Alipewa barua ya mistari minne ya kumshukuru. Aliileta nyumbani akaniomba nimsomee, ingawa ilikuwa ya Kiswahili na yeye kusoma alijua vizuri. Nadhani alitaka kuisikia kwa sauti ya mtu mwingine, aone kama itapungua ukali. Haikupungua.

Wanunuzi wapya walichagua kahawa kama mtu anayechagua bibi harusi. Punje iliyopasuka waliitupa pembeni, na mashine zetu za zamani zilikuwa zinapasua kweli. Mashine yenyewe si ngumu kuielewa. Kuna pipa dogo linalozungushwa kwa mkono, limevikwa bati lenye vipele, na mbele yake kuna kipande cha chuma ambacho mafundi wanakiita kifua. Tunda la kahawa linapita katikati, linabanwa, ganda linatokea huku na punje zinatokea kule. Nafasi ikiwa finyu, matunda makubwa yanapondwa. Ikiwa pana, madogo yanapita na maganda yake. Na mti mmoja wa kahawa huzaa makubwa na madogo pamoja, kama watoto wa nyumba moja.

Baba alikaa na tatizo hilo msimu mzima. Siku moja aling'oa tandiko la baiskeli yake, baiskeli ile ile ya ushirika aliyoachiwa, akatoa springi mbili. Mama alidhani amechanganyikiwa. Springi zile akaziweka nyuma ya kifua, na usoni mwa kifua akagongelea kipande cha tairi. Tunda kubwa likija, kifua kinarudi nyuma. Dogo likija, kinasogea mbele. "Kifua kisisimame kama askari wa gwaride," alituambia. "Kimpishe mkubwa, kimfuate mdogo."

Likabaki pipa. La chuma lilikuwa limeliwa na kutu, na vipuri havikuwa vinakuja tena. Mbao za kwetu zilivimba kwa maji, maana kahawa humenywa na maji. Basi tukateremka ziwani Kihagara, kwa kaka yake mama, ambaye alikuwa anachonga mitumbwi. Mjomba alikuwa Mwanglikana wa kupindukia, na kila tulipofika alimtania baba kwamba Wakatoliki wa milimani hawajui kuogelea, wataingiaje mbinguni. Alitukaribisha ugali na usipa, vidagaa vya ziwani, kisha akatupeleka ufukweni penye mtumbwi mkuukuu uliopasuka ubavu. Akaukata kipande kinene cha mkiani kwa shoka. "Shemeji, mti huu umekaa majini tangu huyu mwalimu yuko shule ya vidudu," alisema. "Hautavimba kwa ajili ya kahawa yako."

Haukuvimba. Msimu wa kwanza kahawa yetu ilitoka nzima, na mnunuzi aliichota kwa viganja akauliza imemenywa wapi. Baba alirudi akitembea katikati ya barabara.

Sasa kwetu Wamatengo kazi nzito hufanywa kwa ngokela. Watu wanakusanyika kwa mmoja leo, kesho kwa mwingine, wanachimba ngoro, yaani mashimo ya kulimia mteremkoni yanayozuia maji, wanakula na kunywa pamoja. Mtu akigundua namna nzuri ya kufanya jambo halafu akaificha, ataonekana mchawi au mchoyo, na sijui lipi baya zaidi. Baba aliwaonyesha wote. Msimu wa pili alikuwa amewatengenezea majirani wanne. Msimu wa tatu tulisikia kuna moja inafanya kazi hadi Litumbandyosi, imetengenezwa na mtu ambaye hatukumjua. Baba alifurahi. Alitaka tu kujua springi amezitoa wapi.

Mtu aliyetutia neno masikioni alikuwa mwenye duka la vifaa pale Mbinga mjini, mzee Mwislamu ambaye baba yake alitoka Kilwa. Alikuwa anamuuzia baba misumari.

"Mashine hii ni yako?" alimuuliza.

"Ni yangu."

"Karatasi unayo?"

Ndipo tuliposikia habari za hataza. Mzee yule alieleza kwamba kuna ofisi Dar es Salaam inayoandikisha uvumbuzi, na aliyepewa hataza hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza na kukiuza kitu chake kwa miaka kadhaa bila ruhusa. "Ukiipata, mimi nitatafuta karakana," alisema. "Tutatengeneza za chuma, na kila moja itachorwa jina lako." Alieleza na mengine mengi, habari za mauzo na mikoa, lakini baba hakuyasikia. Alisikia jina.

Fomu ililetwa na ndugu wa mzee yule. Ilikuwa na kurasa mbili za maelezo, zote kwa Kiingereza. Baba hakutaka nimsomee chumbani. Kwetu mtu akipewa shamba, mpaka unatembewa mchana mbele ya watu, mawe yanawekwa watu wakiona, kisha wanakula. Mbele ya baraza, shamba lisilo na mashahidi halina mwenyewe. Kwa baba, mashine ilikuwa shamba. Basi Jumapili baada ya misa akawaita watu uani, mama akapika makande sufuria mbili, na mimi nikasimamishwa katikati na karatasi.

"Mwanangu huyu," baba aliwaambia, "Kiingereza anakijua chote."

Uongo mtupu. Nilikijua cha kufundishia darasa la tano. Lakini watu walipiga makofi, nami nikavimba kichwa, nikaanza kusoma huku nafuata mistari kwa kidole na kutafsiri. Jina la mvumbuzi, sawa. Michoro, sawa. Uvumbuzi uwe mpya, sawa. Kisha nikafika kwenye sentensi moja ndefu, yenye maneno ya kisheria yamebebana, na nisione mwanzo wake wala mwisho. Niliisoma moyoni mara mbili. Watu walikuwa wananitazama, bakuli za makande magotini. Kidole changu kikaruka kikaenda mstari wa chini yake, nami nikaendelea kwa sauti kubwa zaidi.

"Uwe mpya maana yake nini?" mzee mmoja aliuliza nilipomaliza.

"Kwamba hakuna aliyekuwa nao kabla ya baba," nilijibu.

"Basi sisi ndio tunaojua hilo. Tuandike."

Watu wakashangilia, na baba, kwa furaha, akaingia ndani akatoka na kitu amekifunika gunia. Kilikuwa kitu kipya ambacho hata mama hakuwa amekiona: mkono mdogo wa chuma wa kukaza na kulegeza springi mashine ikiwa inazunguka. Aliufunga pale pale na kuonyesha. Wanaume waligombea kuushika. Wiki iliyofuata wawili walikuwa wameshajitengenezea wa kwao.

Barua ya ushahidi niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunashuhudia kwamba mashine hii tumeiona na tumeitumia misimu mitatu, na mkono wa kukazia tumeuona siku fulani, na kabla yake hakuna aliyekuwa navyo. Majina yalikuwa arobaini na matatu, wengine kwa kalamu, wengine kwa dole gumba. Mjomba alipanda kutoka Kihagara kuja kuweka lake. Baina ya majina, michoro na kutafuta nauli, kahawa ilichanua, ikaiva, ikachumwa tena, ndipo tukasafiri.

Dar es Salaam, kwenye ofisi ile, tulipokelewa na mama mmoja mwenye miwani, mpole, aliyemwamkia baba shikamoo na kumvutia kiti yeye mwenyewe. Alitazama michoro akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Kisha akaifikia barua. Aliisoma, akarudia.

"Misimu mitatu, mzee?"

"Sasa minne, mama," baba alisema. Alikuwa amekaa wima kama siku ya kipaimara. "Wote hao wameiona. Wengine wanazo nyumbani."

"Na huu mkono wa kukazia?"

"Huo nao wameuona. Mwaka jana. Wa kwanza kuuona ni wao hao."

Mama yule aliweka kalamu chini. Alieleza taratibu, bila haraka, kwamba sheria inataka kitu ambacho bado hakijawekwa wazi kwa watu. Anayetaka hataza anatakiwa kuandikisha kwanza, kuonyesha baadaye. Mashine ilikuwa imeonyeshwa misimu yote hiyo, haikuwa na njia. Mkono ule, alisema, ungeletwa kabla haujaonekana, angalau maombi yake yangeweza kupokelewa na kuchunguzwa.

"Mama," baba akauliza, "nisingewaonyesha, wangejuaje kwamba ni wangu?"

Yule mama aliipitia tena orodha ya majina. "Mimi sina shaka kwamba ni wako," alisema mwishoni. "Barua hii imenionyesha. Ila kwa sababu ya barua hii hii, siwezi kukupokelea." Akachukua kurasa zile mbili za maelezo, akaweka kidole juu ya sentensi. "Imeandikwa hapa."

Niliitambua kabla hajaisoma. Nilitaka sakafu ipasuke nizame na cheti changu cha ualimu. Baba hakugeuka kunitazama. Aliomba tu kama anaweza kurudishiwa barua, mama yule akampa kwa mikono miwili.

Nyumbani watu walituzunguka kabla hatujatua mizigo, na baba akawaambia, "Wamesema nilichelewa." Ndivyo alivyosema, nilichelewa. Akajitwisha mwenyewe, nami nikamwacha ajitwishe. Mzee wa duka alisikitika kwa dhati, akampa pakiti ya misumari bure. Baada ya miaka michache mashine zenye springi nyuma ya kifua na mkono wa kukazia zilianza kuuzwa madukani, zimepakwa rangi ya kijani. Hakuna aliyeiba. Mtu yeyote alikuwa na ruhusa. Baba alinunua moja, akaifungua yote, akasema wameunganisha vizuri. Pale ambapo mashine za Ulaya zilikuwa na jina, palikuwa na chuma kitupu. Nilimwona akipasugua.

Barua ya mashahidi aliitia kwenye fremu akaitundika ukutani, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kila nilipokwenda Jumamosi niliukuta mwandiko wangu unanisubiri. Nilikuwa mkali sana miaka ile. Niliwachapa watoto waliojifanya wameelewa. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilimwambia msimu wa mwisho tuliomenya kahawa pamoja, macho yake yakiwa yameanza kuingia ukungu. Ilikuwa asubuhi, mashine ile ile ya mti wa mtumbwi, yeye anazungusha, mimi namimina kahawa na maji.

"Baba, kile kikaratasi cha hataza," nilisema. "Kulikuwa na mstari niliuruka. Sikuuelewa. Niliona aibu."

Aliendelea kuzungusha mpaka kahawa iliyokuwa ndani ikaisha.

"Nilikuona," alisema. "Kidole kiliruka."

"Uliniona?"

"Nilikuwa nimekaa mbele."

"Sasa mbona hukuniuliza, baba? Ungeniuliza tu. Tungemtafuta paroko atusomee, na ule mkono ungebaki ndani ya gunia."

Alipangusa kifua cha mashine kwa kiganja, akatoa ganda lililonasa.

"Watu walikuwa wamejaa," alisema. "Na nilikuwa nimeshawaambia kwamba Kiingereza unakijua chote."

Kisha akashika tena mkono wa kuzungushia mashine, akaniambia nimimine.