Joho la Papa na Macho ya Komanda

Harufu ya naftalini hunirudisha mtaa wetu wa Muhumba, kwenye kabati la wazazi ambamo Papa, mwalimu wa historia chuo kikuu, alitundika joho lake jeusi. Nyumbani kulikuwa na sheria: mtoto atakayekuwa wa kwanza darasani mwisho wa mwaka atavishwa joho lile na kupigwa picha. Ukuta wa sebule ulijaa picha za dada yangu Noela. Noela wa darasa la pili, joho likiburuta sakafuni; Noela wa la tatu; Noela wa la nne. Jamani, nilimwonea wivu hadi chakula hakishuki! Maman alinigombeza, “Acha kumuangalia mwenzako hivyo, utamutoboa.” Lakini macho hayana pazia.

Mwaka ule nikajiapiza. Nilisoma nikichota maji, nilisoma nikipika, nikaunguza mboga ya sombe, nikachapwa, nikaendelea. Kabla ya mitihani mji ukaanguka. Risasi zililia upande wa Nyantende, zikanyamaza, kisha tukaona askari wageni wakipita kwa miguu, wamechoka kuliko sisi tuliowaogopa. Komanda wao alihamia nyumba ya jirani, ambayo wenyewe wake walikuwa wamekimbilia kisiwa cha Idjwi kwa boti.

Kila jioni wakubwa walimjadili kwa sauti ya chini. Tonton Deo, mdogo wake Papa, alimwita mukombozi, kwa sababu askari wake walioiba kuku walichapwa viboko hadharani. Maman alicheka kwa pua. “Mukombozi gani? Mwenga na Shabunda kuko dhahabu. Ama unafikiri alikuja kutazama sura zetu?” Papa alisema tungoje tuone.

Shule zikafunguliwa, mitihani ikafanyika, na majina yalipotangazwa la kwanza lilikuwa langu. Langu! Nilitembea njia nzima nikitabasamu peke yangu. Jumapili, baada ya misa, Maman alinisuka nywele, Papa akalitoa joho na kulitandaza juu ya kiti. Ndipo mlango ukagongwa.

Komanda aliingia kwa adabu, akavua kofia, akamwamkia Maman, akapewa chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Sisi tulimfuata kwa macho. Hakuitazama redio, wala saa ya Papa. Alitazama ukuta. Akazipitia picha za Noela moja moja, polepole, midomo imemkauka, nami nikashtuka, maana mtazamo ule niliujua. Ulikuwa wangu. Tonton na Maman walikuwa wamebishana bure: mtu yule alikuwa na ugonjwa wangu.

“Mimi niliachia darasa la sita,” alisema. “Mwalimu alisema siko na kichwa.” Akacheka peke yake. Kisha akaliona joho. “Papa Profesa, naweza kuvaa kidogo?”

Nani angemkatalia, na walinzi wake wamejaa barazani? Papa alimvisha juu ya magwanda, akavuta mabega, akanyoosha ukosi. Mlinzi mmoja akachukua kamera yetu, akapiga. Komanda alishukuru vizuri sana, akatoka amelivaa, na walinzi wakampigia saluti hadi barabarani.

Nililia kama msiba umeingia. “Nyamaza, tumepona,” Maman alisema. Noela alikuja kunikumbatia, nikamsukuma.

Komanda naye alikwenda zake, wakaja wengine. Leo nami nafundisha, nina joho langu, jipya, halina harufu yoyote. Wanafunzi huniuliza kama huyu au yule aliyeuteka mji alikuja kwa ajili ya nchi au ya dhahabu. Huwaambia wachunguze kwanza anatazama nini akishakuwa na kila kitu. Huandika jibu hilo, wakidhani nimelitoa kitabuni.

Papa alipofariki tulifungua kabati lake. Chini kabisa, kati ya vidonge vya naftalini, palikuwa na picha ile ya komanda, ambayo Papa aliisafisha bila kumwambia mtu. Noela aliitazama akatukana. Mimi sikumtazama komanda hata kidogo. Nilitazama mkono wa Papa, ulioonekana pembeni, bado unamwekea ukosi sawa. Jumapili ile ilikuwa zamu yangu kuwekewa ukosi na mkono ule, na mpaka leo, nikiwa mama mtu mzima mwenye watoto, namwonea wivu yule mwanamume.