Barua Zilizopitia kwa Wifi

Wifi yangu alikuwa anacheka kabla yangu. Hilo ndilo lililoniuma, si jingine. Barua ni ya binti yangu, niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, lakini ikifika nyumbani anayecheka kwanza ni dada wa mume wangu. Anaikunjua, anakohoa, anapitisha kidole kwenye mistari, anatabasamu. Mimi nimekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, nasubiri kugawiwa mwanangu kipande kipande.

"Anasemaje?" nauliza.

"Subiri basi, wifi. Mambo mazuri hayataki haraka."

Ningekuwa na meno ya kutosha, ningemtafuna.

Sisi ni watu tulioshushwa kutoka msituni, tukapewa viwanja nyuma ya maghala ya kahawa. Watu wa mjini wanatuita "wale wa juu", na hawasemi hivyo kwa heshima. Wazazi wetu hawakuwa na karatasi, walikuwa na masikio. Neno likisemwa mara moja limeingia, halitoki. Mama yangu mzazi aliweza kukutajia mizinga yote ya nyuki ya ukoo, mti kwa mti, pamoja na mtu aliyeutundika kila mzinga, na hakuwahi kuona kalamu. Shule zilipokuja zilichukua wavulana. Wasichana tulichukuliwa na ndoa.

Wifi naye alichukuliwa, kisha akarudishwa. Hakujaaliwa mtoto, mume akachoka kungoja, na yeye akarudi kwa kaka yake na sanduku moja na mdomo wake. Mdomo ndio ulikuwa mzigo mkubwa. Akipita dukani, sote tutajua nani kanunua nini na kasema nini, kwa sauti ile ile ya mwenye kusema, hadi kikohozi. Tulimwita Redio. Binti yangu alikua akilala mgongoni kwa Redio, akimsikiliza, na nikisema ukweli, nilishukuru wakati ule. Nilikuwa na kazi, na mgongo wangu ni mmoja.

Sote wawili tulifanya kazi ghalani. Tunakaa sakafuni kwa safu, ungo mapajani, tunachambua kahawa: iliyotobolewa na wadudu kwenye kopo, nzima kwenye gunia. Mikono inafanya kazi, midomo iko huru. Saa kumi filimbi ikilia, mwalimu wa kisomo cha watu wazima alikuwa anakuja na ubao wake, anauegemeza kwenye magunia, na wanawake wanaotaka wanabaki. Wifi alibaki tangu siku ya kwanza. Mimi nilikung'uta kanga yangu nikaenda zangu. Kalamu na mimi wapi na wapi?

Baada ya miezi miwili alikuwa anasoma kitabu cha kisomo kutoka jalada hadi jalada. Nilichungulia mlangoni nikamwona amesimama mbele ya wanawake arobaini, kitabu mkononi, kidole kinatembea, sauti haikwami popote. Wanawake walipiga vigelegele. Mwalimu alisema wangekuwa kumi kama huyu angelala usingizi mwema. Nilirudi nyumbani nikapika chakula kikaungua.

Mwaka huo huo binti yangu alichaguliwa kwenda shule ya bweni, wa kwanza katika wasichana wetu. Simu haziruhusiwi huko, kwa hiyo aliandika barua. Sisi hatuna sanduku la posta, zikawa zinapitia kwa mwalimu wa kisomo, mwalimu anampa wifi, wifi ananiletea mimi. Angalia njia hiyo ilivyo ndefu, na mimi niko mwisho wake, kama mtu wa kupewa ukoko.

Wenzetu wakimletea karatasi za kliniki ili awasomee, wifi aliwaambia, "Mwandiko wa daktari huo, hata daktari mwenyewe haujui." Wakacheka, wakaondoka. Mimi nilidhani ni majivuno.

Nikaona mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kuinama mbele ya wifi, darasani, yeye akinisahihisha? Bora nife na ujinga wangu. Nikamwendea mpima mizani, mzee mmoja mwenye utani mwingi, wakati wa chakula cha mchana, nikamwonyesha maandishi kwenye gunia.

"Hii inasemaje?"

"Inasema usiniulize nikila," akajibu. Kisha akameza tonge, akanisomea: WEKA PAKAVU.

Kila mchana nilipata herufi mbili tatu. Magunia yalitoka pande zote, yamechanganyika, leo UZITO, kesho DARAJA LA PILI, kesho kutwa jina la mkulima ambalo hata mpima mizani hakuwahi kulisikia. Masikio yangu hayakunisaidia kitu. Ilibidi niangalie. Nilichukia kila gunia, na usiku niliandika kwa kidole kwenye shuka, mume wangu akadhani ninajikuna. Ulipopita mwaka, nilikuwa nasoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini navuka.

Sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja niinyakue barua mkononi mwa wifi, niisome mbele yake, nimwone uso.

Jumapili moja mchana nilimwomba anisomee tena barua ya mwezi ule, ile ya Mei. Barua nilizitunza kwenye kopo la biskuti. Nikatoa moja, nikampa, akaanza: mwanangu amepata homa lakini amepona, amekuwa wa nne katika hesabu, rafiki yake anamwazima sweta. Nikasogea nyuma ya bega lake nifuate maneno kimya kimya. Juu kabisa kwenye karatasi palikuwa pameandikwa Machi. Nilikuwa nimekosea barua. Wifi alikuwa anaisoma Mei kutoka kwenye karatasi ya Machi, na hakukosea hata neno.

Nilikaa chini. Kumbe mwalimu alikuwa anazifungua barua na kumsomea kwanza! Redio alisikia mara moja, ikatosha, akaja kunisomea mimi hewa. Na kile kitabu cha kisomo kadhalika: wanawake arobaini wanakiimba kwa pamoja kila jioni, na yeye masikio yake ni ya kwetu. Mwaka mzima nimekosa usingizi kwa wivu wa kitu ambacho mwenye nacho hana.

Utamu nilioupata siku ile sijawahi kuupata kwenye asali. Lakini hata utamu huo ulikuwa na mwiba, maana nilipozisoma barua zote za kopo, moja moja, nilikuta wifi hakuongeza neno wala kupunguza. Kila alichoniambia, binti yangu alikiandika. Sikuwa na uongo wa kumshika nao, isipokuwa ule mmoja. Nikaukalia. Akiba haiozi.

Kisha mwalimu akaenda likizo ya uzazi, na barua iliyofuata ikaletwa na dereva wa lori la kahawa, mkononi, imefungwa. Dereva akampa wifi, kama desturi ilivyokwisha kuwa. Wifi akaigeuza mara mbili.

"Leo macho yananiwasha, wifi. Vumbi la ghala. Tuiache hadi mwalimu arudi."

"Mwalimu atarudi baada ya miezi mitatu," nikasema. "Lete."

Nikaichukua, nikaifungua, nikasoma. Wifi alitoa macho kama mtu aliyeona mbuzi anapanda ngazi. Siku niliyoingoja ilikuwa imefika, na sikuweza kuifurahia, kwa sababu ya maneno yaliyokuwa mbele yangu.

*Mama, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya wazazi. Nakuomba usije wewe, aje shangazi. Wazazi wanaandika kwenye kitabu mezani, watu wote wanaona. Mwaka jana ulipoweka dole gumba wenzangu walinicheka wiki nzima. Shangazi anajua kuandika. Usikasirike mama yangu.*

Nilisoma mara mbili, nikitumaini kwamba sijui kusoma.

"Anasemaje?" wifi akauliza, sauti ndogo. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa kwenye kigoda.

"Anasema twende wote wawili, siku ya wazazi."

Akapiga makofi. Hakuniuliza nimejifunza wapi, na mimi sikumuuliza chochote. Akaanza kutafuta viatu vyake vya kutokea. Kuhusu kitabu cha mezani sikumwambia. Nataka ijulikane hivyo, sitaki kujipaka mafuta: nilimpeleka makusudi. Mwanangu anamtaka anayejua kuandika? Basi na amwone akiandika.

Jumamosi ile binti yangu alituona kutoka mbali, akatukimbilia. Aliponiona mimi mwendo ukapungua. Alinisalimia vizuri, shikamoo mama, lakini macho yake yalikwenda mezani, alikokaa karani wa shule na kitabu kikubwa, na foleni ya wazazi, na wasichana wenzake wamesimama kando wanatazama. Akaushika mkono wa shangazi yake.

"Shangazi, wewe utangulie. Utuandikie wote."

Wifi alikwenda. Angefanya nini? Alisimama mbele ya kitabu, karani akampa kalamu, akaishika kama alivyoona wengine wakiishika. Kisha hakuendelea. Nyuma mtu akaguna. Karani akasema, "Mama, jina hapa, na uhusiano hapa." Wifi akageuka, hakumtazama binti yangu, akanitazama mimi. Alijua kwamba najua. Sijui alijua tangu lini.

Hapo ndipo palipokuwa patamu, na ilinitosha kukaa kimya tu. Lakini nyuma ya wifi niliuona uso wa mwanangu. Alikuwa amewainulia wenzake kidevu, kama kuwaambia, haya, tazameni sasa. Na mmoja wa wale wasichana alikuwa tayari ameziba mdomo kwa mkono.

"Hebu lete," nikasema, "wifi macho yanamwasha tangu wiki iliyopita."

Nilichukua kalamu. Herufi zilikuja kubwa mno, kama za kwenye magunia, jina langu likapita mstari likaingia kwenye nafasi ya jirani. Nikaandika: mama. Chini yake nikaandika jina la wifi, na mbele yake: shangazi. Foleni ilisubiri. Hakuna aliyecheka.

Binti yangu alisogea hadi mezani, akaangalia kitabu, akaniangalia, akaangalia kitabu tena.

"Mama! Umejua lini?" Kisha hakungoja jibu. Uso ukang'aa, akamrukia wifi shingoni. "Ni wewe, shangazi! Ni wewe umemfundisha!"

Wifi alifungua mdomo. Akaitazama kalamu mkononi mwangu, akaufunga.

Wasichana walikuwa wanasikiliza. Mwanangu alinigeukia juu ya bega la wifi, anacheka, machozi yanamlenga, anataka nithibitishe.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye."

Akamkumbatia tena, kwa nguvu zaidi, kisha akamvuta kwenda kumwonyesha bweni, anakolala, sweta la kuazima, kila kitu. Mimi nilibaki pale pale, mpaka karani aliponigusa mkono akaniomba nimrudishie kalamu.