Mguu wa Mwalimu Breki

Kazi ya mwalimu wa udereva wa mtaa ule, kwa kuitazama, ilikuwa ya hatari. Kwa kuifanya, ilikuwa salama kuliko kulala. Gari la shule lilikuwa na breki mbili: moja ya mwanafunzi, ya kujifunzia, na nyingine chini ya mguu wa mwalimu, ya kuishi. Wanafunzi walifumba macho kwenye kona, wakawaita mama zao, wakakanyaga mafuta walipotaka kusimama. Mguu wa mwalimu ukashuka taratibu, gari likatulia, naye akasema, "Tuanze upya," kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi.

Mguu huo haukujua kutoka kazini. Sebuleni, gari likipita kwenye runinga, ulikandamiza zulia mpaka zulia likatoboka.

"Baba watoto," mkewe alikuwa akimwambia, "hapa hakuna anayekwenda popote."

Kwenye basi alikaa kiti cha nyuma kabisa, asione mbele. Na katika gari la mtu aliyemfundisha mwenyewe hakuwahi kupanda hata siku moja. Akialikwa, tumbo lilianza kumuuma papo hapo. Lilikuwa tumbo tiifu sana.

Mtaani walimwita Breki, nyuma ya mgongo wake na kwa heshima zote. Jina halikumsumbua. Kilichomchoma ni maneno ya fundi wa gereji ya jirani: kwamba Breki hafundishi watu kuendesha, ila anaendesha yeye mwenyewe, kwa mguu mmoja. Mwalimu alicheka pamoja na wengine, kisha akaenda nyumbani akashindwa kula. Miaka yote hiyo, mwanafunzi alipovuka pagumu, nani alikuwa amevuka? Yeye mwenyewe hakujua.

Asubuhi moja mkunga mstaafu, ambaye leseni yake bado ilinuka upya, alisimamisha pikapu kuukuu mbele ya shule. Nyuma alipakia matundu ya kuku.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu.

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Kuku hawa nawapeleka kwa dada yangu, upande wa pili wa kilima. Sijawahi kukipanda bila wewe."

Mwalimu alichungulia sakafuni, mbele ya kiti cha abiria. Palikuwa na gazeti la zamani na kiatu kimoja. Breki haikuwepo.

"Mama, leo tumbo langu…"

"Matumbo nimeyafanyia kazi maisha yangu yote, usinidanganye nayo. Sema tu kwamba huamini ulichonifundisha."

Kule gereji, spana ilikuwa imesimama hewani. Fundi alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima.

"Nilimzalisha mama yako bila kujua utatokaje," mkunga aliendelea, "na breki sikuwa nayo."

Mwalimu akaingia.

Walianza vizuri, na jambo hilo lilimtia mwalimu wasiwasi zaidi. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kisha, pale kilima kinaposimama kama ukuta, lori likatokea juu yao, nayo barabara ilikuwa nyembamba. Mkunga akasogea pembeni, akasimama, akavuta breki ya mkono.

"Bibi, rudi chini!" utingo wa lori alipaza sauti dirishani. "Kilima hiki si cha kuku!"

"Kuku hawajalalamika. Anayepiga kelele ni wewe."

Lori likapita kwa kujikunja. Sasa kulikuwa na kilima, korongo nyuma yao, na gari zito la kuondosha. Mkunga akaachia breki ya mkono. Pikapu ikaserereka nyuma kidogo, kuku wakapiga mayowe, na mguu wa mwalimu ukatoboa gazeti. Hakuna kilichotokea. Mkono wake ukarukia breki iliyokuwa kati yao.

"Mwalimu, mkono huo una leseni?"

"Unayo, lakini…"

"Basi ukatafute gari lake."

Aliurudisha. Kwa kuwa haukuaminika, akaukalia.

Hapo akasikia. Injini ilishusha sauti, ikawa nzito, na pua ya pikapu ikainuka kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno. Ndiyo ile dalili aliyowahubiria watu mpaka koo likakauka: isikilize injini, ikinguruma hivyo, gari limeshika, liachie. Kumbe mama huyu alikuwa amesikia. Akaiachia klachi taratibu, kama anayempokea mtoto. Matairi yakauma barabara, pikapu ikaruka mbele, na mwalimu akapiga ukelele ambao baadaye alidai ulikuwa wa kuku.

"Inapanda!" alisema. "Mama, inapanda! Sijagusa kitu!"

"Naona. Umekalia mkono."

Mwalimu alicheka mpaka machozi. Kilima kiliwapita madirishani, miti, mawe, mtu na baiskeli yake, na kila kitu kilikuwa kinakwenda bila msaada wake. Walipofika kileleni barabara ikafunguka ikiteremka mbele yao, ndefu, tupu, na moyo wa mwalimu ukatangulia.

"Ongeza mafuta, mama! Ongeza kidogo tu!"

Mkunga hakuongeza. Aliteremsha gia, akaweka mguu wake tayari, akaendelea kutazama mbele.

"Mteremkoni gia ndogo, na haraka tunawaachia wenye haraka," alisema. "Nani alinifundisha hayo?"

"Mimi," alisema mwalimu. Kisha, kwa kuwa utamu wa neno hilo ulikuwa mgeni kwake, akalirudia kwa nguvu, kuku wakaanza upya. "Mimi!"