Kompyuta Iliyovaa Kitenge

Juzi mama alinipigia simu kutoka kwake Rebero: anasafisha stoo, niende nikachukue vitu vyangu kabla hajavigawa. Kompyuta yenyewe ilishaondoka zamani. Nilichokikuta ni nguo yake ya kitenge, imekunjwa vizuri, bado inanukia sabuni ya mche. Nikakaa nayo kwenye ngazi, na wewe unajua jinsi kitambaa kinavyoweza kumrudisha mtu utotoni.

Baba alikuwa na kazi kwenye ofisi moja ya Kacyiru. Ofisi ilipoletewa mashine mpya, ile kuukuu akaja nayo nyumbani, na sisi tukawa watu. Mama alikuwa haachi kitu sebuleni kikae uchi, iwe redio au televisheni, kwa hiyo akapeleka vipimo kwa jirani yetu, fundi cherehani. Fundi akacheka: "Sasa mama, hiyi kompyuta iko na baridi?" Lakini alishona, tena akatia lesi.

Mimi sikuwa na rafiki. Tulikuwa tumetoka Karagwe, Tanzania, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Shuleni nikifungua mdomo, darasa zima linacheka. Bibi yangu aliyenilea alibaki kule na migomba yake. Kila Jumamosi, siku ya gulio, alifuatana na mwalimu wangu wa zamani hadi intaneti kafe ya mjini ili tuchati. Bibi anasema, mwalimu anachapa kwa kidole kimoja. Huku mimi nimeshafunua kitenge, modemu inakoroma na kupiga miluzi, mama anasonga ugali jikoni, nami nataka kuandika sentensi moja tu: Bibi, njoo unichukue.

Ila Bibi hakuwa mtu wa kurukia maneno. "Mgeni mwenye adabu hupitia mlangoni," alizoea kusema, na mlango wake ulikuwa salamu. Shikamoo. Marahaba. Hujambo? Baba hajambo? Mama je, na kile kikohozi chake? Majirani? Kuku wanataga? Najibu yote, maana mkubwa hakatizwi. Mwisho kabisa anauliza: "Na paka?" Hapo laini inakatika. Ukijaribu tena haishiki, na Bibi ana safari ndefu ya kurudi kwake. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Yetu haikufika hata robo. Nilikuwa naifunika kompyuta huku nalia.

Masika yaliyofuata Bibi alifariki. Sentensi yangu sikuwahi kuichapa.

Siku hizi naishi peke yangu Ndera, nyumba mpya, majirani wapya, mageti yamefungwa. Intaneti haikatiki. Watu wananitumia kidole gumba, nawarudishia kidole gumba, basi, tumeshasalimiana. Zile salamu zilizokuwa zikinitia hasira, leo nazitamani zote, moja moja, mpaka kile kikohozi.

Kitenge nimekitandika kwenye kochi, na paka wangu amekilalia. Hakuna aliyeniuliza habari zake. Hajambo, Bibi.