Vali Iliyozunguka Ndege Nne

Watu wa karakana ya ndege walimwita Mama Kadi, naye hakuchukia. Alikuwa ametunza kumbukumbu za matengenezo miaka kumi na tisa, na kadi moja ikikosekana mezani pake angenuna siku nzima kama mtu aliyeibiwa kuku.

Wiki ile maji yalikuwa yamemfika shingoni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa mitambo ya kupoza hewa ndani ya ndege. Ndege nne alizozishughulikia zilikuwa zimewatokosa abiria kwa joto, na mkuu wa karakana alishasema Ijumaa anampa barua ya kumwachisha kazi. Mama Kadi alijua si mvivu. Kosa lake lilikuwa mdomo, na huo hautengenezi wala hauharibu ndege.

Basi akafungua mafaili. Kila ndege ilikuwa na faili lake, na kila faili lilisema yaleyale: vali, kile kilango cha kupitishia hewa, imetolewa, imepimwa, ni nzima, imerudishwa stoo. Akazitandaza kadi zote sakafuni, akaacha kufuata ndege, akafuata namba za vali. Kumbe vali moja ilikuwa imezunguka ndege zote nne. Kwenye meza ya kupimia, ikiwa baridi, ilifanya kazi vizuri; angani ikishapata moto, inakwama. Shemeji alikuwa akipewa ugonjwa uleule kila mara.

Alicheka peke yake kwa furaha, kisha kicheko kikamkauka. Kifaa kikirudi mara tatu hutakiwa kutengwa, na wa kuhesabu ni mtunza kumbukumbu. Muhuri wa kuirudisha stoo ulikuwa wake, mara zote nne. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Alikaa pale sakafuni hadi chai yake ikapoa.

Ijumaa asubuhi alimkuta shemeji ameshasimama mbele ya mkuu, kimya kuliko alivyowahi kumwona. Akazipanga kadi mezani, akaeleza habari ya vali. Mkuu alizisoma moja moja, halafu akauliza ni mjinga gani aliyezigongea muhuri zote bila kushtuka.

Shemeji aliutambua mwandiko uliokuwa kando ya muhuri. Akamtazama Mama Kadi, kisha akamgeukia mkuu.

“Yaishe tu, mkuu. Nipe hiyo barua niende zangu.”

“Nyamaza, shemeji,” alisema Mama Kadi. “Muhuri ni wangu, mkuu. Zote nne.”