Kibati cha Shingoni

Nikiulizwa "nani amekuleta?" huwa najibu vibaya, na watu hudhani ni kiburi. Waache wadhani. Swali hilo mama yangu aliulizwa kila mlangoni alipofika, kwa sababu alikuwa kipofu, na jibu lake halikumpendeza mtu yeyote. Aliyemleta alikuwa mbwa.

Kabla ya mbwa nilikuwa mimi. Tulikaa upande wa Katelembo, na mama, aliyepofuka kwa ugonjwa mimi nikiwa bado mgongoni, alisuka viondo, vile vikapu vya katani, na kuviuza soko la Machakos. Mimi nilishika ncha moja ya fimbo, yeye akashika nyingine. Siku za soko sikuonekana darasani. Njiani watu wazima walinisifu, eti mtoto mwenye baraka, na kesho yake mwalimu alinichapa kwa utoro. Baraka gani hizo za kurudi nyumbani na alama za kiboko? Nilizichukia, na nilichukia zaidi kumwona mama akizipapasa zile alama kwa vidole.

Mbwa wetu alikuwa wa kienyeji tu, mweusi, sikio moja limeraruka. Alizoea kututangulia sokoni. Wakati mmoja malaria ikanilaza, viondo viko tayari na mnunuzi anangoja, basi mama akamfunga mbwa kamba ya katani na kwenda naye. Jioni nilimsikia akicheka tangu kule chini mtoni. Mbwa alikuwa amesimama kila penye shimo, na barabarani alikaa kitako mpaka magari yakapita. Hakuna aliyemfundisha. Mama akamsukia mkanda wa kifuani wenye mshiko, vile vile alivyosuka mkanda wa kiondo, wenye mistari myekundu ambayo yeye mwenyewe hakuiona. Mimi nikaanza kwenda shule kila siku kama watoto wa watu.

Kisha kikaja kibati. Mabwana mifugo walipita kudunga mbwa sindano ya kichaa, na kanjo, yaani baraza la mji, ikatoa leseni, kwa sababu mbwa wasio na leseni walikuwa wakipigwa risasi au kutupiwa nyama ya sumu mjini. Mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mbwa akavishwa shingoni kibati kidogo chenye nambari. Njia nzima mama alikuwa akikigusagusa.

"Sasa huyu ameandikwa," akaniambia.

Wenye kucheka wacheke, lakini wajue alikotoa wazo hilo. Babu yangu, baba yake mama, wakati wa mkoloni alivaa kipande, ile hati ya kazi, shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Bila kipande alikamatwa njiani, na akiwa nacho alipita na kupewa kazi. Mama alikua akisikia habari hizo jikoni kila siku. Kwa hiyo chuma cha serikali shingoni kilikuwa na maana moja tu kwake: huyu ni mfanyakazi, mpisheni. Majirani nao walielewa hivyo. Walikuja kukishika kibati na kumpongeza mbwa. Hata mimi, msomi wa darasa la saba, niliamini.

Mwaka uliofuata nilipita mtihani, nikaitwa shule ya sekondari, na karo hatukuwa nayo. Kulikuwa na kamati ya basari, ya kugawa msaada wa karo, iliyokaa katika ofisi moja mjini, na ilimtaka mzazi afike mwenyewe. Siku hiyo mimi nilikuwa nimekwenda kwenye shule yenyewe, kuomba nafasi yangu isipewe mwingine. Mama akaenda na mbwa, bila wasiwasi. Si ameandikwa?

Soja wa getini akamzuia, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, mbwa abaki nje."

"Huyu ako na kibati. Shika uone."

"Hio ni ya kuonyesha amedungwa sindano na ako na mwenyewe. Si ya kuingia ofisi."

"Kwani ya kuingia ni gani?"

"Hio mimi sijui. Kwani hauna mtoto akushike mkono?"

Akatoka karani mmoja, mpole sana, akamweleza. Leseni ni ya kanjo kujua mbwa ni wa nani, asije akauawa. Mbwa wa kuongoza vipofu ni habari nyingine kabisa. Hao wako ng'ambo, wamesomeshwa, na sheria ya huko inawajua.

"Basi niandikieni hio ingine," mama akasema.

Karani akamwambia hakuna mahali pa kuiandika.

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, kwa sababu yule karani alisema kweli. Ni vitu viwili tofauti. Leseni inamhusu mbwa, kwamba hana kichaa na mwenyewe anajulikana. Ile nyingine inamhusu mtu, kwamba kumlazimisha amwache mbwa wake nje ni sawa na kumwambia avue macho ayatundike ukutani kabla ya kuingia. Serikali ilikuwa na dirisha la mbwa. Dirisha la mama yangu haikuwa nalo.

Mama akamfunga mbwa kwenye ua, akaingia akipapasa ukuta. Alionyeshwa benchi. Naam, alionyeshwa, kwa kidole, hadi mtu mmoja akamhurumia na kumkalisha. Majina yaliitwa katika chumba kingine na yeye hakusikia. Alipouliza, kamati ilikuwa imekwisha kwenda zake. Alimkuta mbwa palepale alipomwacha. Askari wa kanjo walikuwa wamepita, wakaona kibati, wakamwacha. Kibati kilifanya kazi yake, sitakisingizia.

Mwaka huo nilikaa nyumbani nikichambua katani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mama mmoja wa kanisani alikuja akanywa chai yetu na kusema Mungu ana mipango yake, kwamba sasa mama yangu amepata wa kumshika mkono. Nilitamani kumnyang'anya kikombe. Mtoto mzima atolewe shule awe fimbo, hilo lilikuwa jambo la kawaida na la kumshukuru Mungu. Mbwa kuingia mlangoni ndiyo aibu! Tangu siku hiyo kila nilipomshika mama kiwiko njiani aliupiga mkono wangu kofi.

Kamati ilipokaa tena, akaniambia twende wote.

"Simama mahali watakuona. Na usinishike."

Soja alikuwa yuleyule, na maneno yalikuwa yaleyale. Mama hakubishana. Aliketi chini mbele ya geti, mbwa kando yake, akatoa katani akaanza kusuka.

"Mwaitu, hapa ni njia ya magari!"

"Hapa ni ofisi ama ni barabara?"

"Ni barabara."

"Na mbwa wa leseni anakatazwa barabara?"

Soja akaita askari wa kanjo. Akaja, akakigeuza kibati, akasoma nambari, akasema mbwa huyu hana makosa. Hapo gari la mwenyekiti wa kamati likafika na kukwama, honi juu ya honi. Mbwa hakusogea kwa kuwa mama hakusogea. Mwenyekiti akashuka, suti na tai.

"Mama, nani amekuleta hapa?"

"Huyu."

"Na huyu msichana?"

"Huyu ndio wa shule."

Akanitazama. "Si angekaa nyumbani akusaidie? Tungewatafutia hata chakula."

Mama akaacha kusuka. "Mzee, macho niko nayo, yamelala hapa. Kitu sina ni karo ya huyu."

Wanakamati wakatoka mmoja mmoja kuona kelele ni za nini, na shauri langu likakatwa palepale kwenye vumbi: nikapewa karo. Baadaye mwenyekiti aliwasimulia watu jinsi alivyotuhurumia. Huruma gani? Gari lake lilikuwa limezibiwa njia.

Siku ya wazazi ya kwanza shuleni, wenzangu wote walikuwa chini ya miti ndani ya ua wa shule na mama zao, vyombo vimefunuliwa. Mlinzi akaja kuniita. Alisema mama yangu yuko nje na mbwa, na mbwa haruhusiwi. Mwalimu wa zamu, mtu mwema kwa kweli, akaniambia niende nimshike mama mkono nimwingize.

Nilimwambia simshiki. Nikachukua sahani yangu, nikatoka getini, tukala kando ya barabara, sisi watatu.