Hajaandika, Mama

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mama yangu aliniuliza swali dogo nikamjibu uongo wa neno moja, na neno lile limeniharibia maisha. Usicheke. Kaa usikilize, maana haya sisemi mara mbili.

Intaneti ndiyo kwanza ilikuwa inaingia mjini. Simu za mkononi walikuwa nazo wakubwa. Sisi wa Temeke tulizisikia tu. Kaka yangu Salumu alikuwa baharia, leo nchi hii kesho ile, hana anwani ya posta. Akatuma salamu kwa mwenzake aliyekuja likizo: siku hizi kila bandari ina duka la intaneti, fungueni sanduku la barua huko, nitawaandikia. Nyumba nzima aliyejua kubonyeza herufi nilikuwa mimi, niliyesomea uhazili. Nikalifungua, anwani ya sanduku nikampa yule yule mwenzake ampelekee Salumu. Neno la siri nilibaki nalo mwenyewe, na kiburi juu.

Kila Jumamosi nilikwenda Sinza, kwenye chumba cha kompyuta sita na feni moja, nikasoma barua ya Salumu, nikarudi kumsimulia mama. Mama hakujua kusoma. Alikuwa akiniambia, "Hebu rudia pale alipoteleza kwenye barafu," kisha anacheka ameziba mdomo kwa khanga.

Sasa kwenye kompyuta zile kulikuwa na mahali pa kupiga soga na watu usiowajua. Nikampata mwanamume wa Ulaya, kama kweli alikuwa mwanamume. Mwanzoni Salumu nilimwachia dakika tano za mwisho. Baadaye sikumwachia hata moja. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu, walinisema mimi.

Basi Jumamosi ile narudi, namkuta mama kibarazani anachambua mchele.

"Kaka'ko kaandika?"

"Hajaandika, mama."

"Atakuwa na kazi nyingi," akasema, akaendelea na mchele wake.

Sikuwa nimefungua hilo sanduku. Nikajibu hivyo hivyo Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Uongo ukishazoeleka hauwashi tena ulimi.

Yule Mzungu wangu akapotea kama alivyokuja. Ndipo nikamkumbuka kaka yangu. Kufungua sanduku, tupu! Maandishi yakaniambia kuwa limekaa muda mrefu bila kufunguliwa likafungwa, barua zote zimefutwa, na zilizokuwa zikija zimerudishwa zilikotoka. Anwani ya Salumu nayo ilikuwa humo humo. Sikuwahi kuiandika hata kwenye kipande cha karatasi. Nikamwita mwenye duka nikilia.

"Sista, zikifutwa zimefutwa," akasema. "Hapo mngojee aandike yeye."

Nimemngoja. Hakuandika. Labda alizama, labda alifungwa, labda alikuwa mgonjwa na ndilo alilokuwa akitueleza. Linaloniua ni kwamba labda alirudishiwa barua zake akaona ndugu zake wamemfungia mlango.

Mama aliuliza miaka yote. Hata alipokuwa hawezi tena kula aliuliza, nami sikupata ujasiri wa kumwambia. Akafa akiamini mwanawe wa kiume ndiye aliyemsahau. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu.

Nakuona na simu yako, vidole havitulii. Unaongea na watu wa mbali usiowajua, na shangazi yako wa Newala akipiga unasema utampigia baadaye. Mpigie leo. Na ukipewa kazi ya kumsomea asiyejua kusoma, msomee, hata kama umechoka, maana yeye hana njia nyingine ya kujua. Na ukishakosea, sema mapema, angali yuko wa kuambiwa. Mama angenichapa, angelia, angeninunia mwezi mzima. Lakini angekufa akijua kuwa mwanawe aliandika.

Lile sanduku bado nalifungua kila Jumamosi. Tumaini sina, mwanangu, nisikudanganye. Nalifungua lisije likafungwa tena.

Mungu akuepushe na kungoja kwa namna hii. Akupe wa kukuita, na akupe moyo wa kuitika.